KABLA HUJAJENGA VYUMBA VYA KUPANGISHA



Pamba ikishauzwa, fedha huonekana kijijini. Wengine hununua ng'ombe. Wengine hununua pikipiki. Siku hizi wako pia wanaosema: "Mimi nitajenga vyumba pale senta nipangishe. Nitakaa tu, na fedha itakuja yenyewe kila mwezi."

Mama mmoja wa darasa letu la jioni alinisubiri mlangoni baada ya kisomo. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu mwalimu niangalizie hesabu hii. Nimeiandika mwenyewe."

Nikaikunjua. Alikuwa ameandika hivi: Vyumba 4. Kila chumba shilingi 20,000 kwa mwezi. Vyote 80,000. Kwa mwaka 960,000. Kujenga 6,000,000. Chini yake amepiga mstari, kisha akaandika: MIAKA 6.

"Mama, kuzidisha umepata na kugawanya umepata," nikamwambia. "Lakini katika karatasi hii vyumba vyako havikai vitupu hata siku moja. Bati halivuji. Na wapangaji wako wote ni malaika."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akakaa kwenye benchi. Maana hizo milioni 6 zilikuwa ni pamba ya misimu mitatu, na ng'ombe wawili aliotaka kuwauza.

Tulikaa pale mpaka giza likaingia. Haya ninayoandika hapa ni yale tuliyozungumza, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baadaye.

Kwanza, neno moja. Katika lugha yetu tunasema "kodi" tukimaanisha vitu viwili. Kuna kodi anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba, na kuna kodi tunayolipa serikalini. Ili tusichanganyikiwe, ile ya mpangaji nitaiita PANGO. Ya serikali itabaki KODI.

Tena najua wapo wazee watakaosoma haya na kukunja uso. Wanakumbuka kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Wanakumbuka pia mwaka 1971, Serikali ilipochukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Masharti yale ya viongozi yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991. Kwa mkulima wa kawaida anayejenga vyumba viwili au vinne, kupangisha ni kazi halali kama kazi nyingine. Lakini ni kazi. Anayesema atakaa tu, bado hajapangisha.

NANI ATAKAA HUMO?

Watu wengi huanza na matofali. Anza na mpangaji.

Nenda senta unakotaka kujenga. Usiende siku ya mnada, maana siku hiyo kila mahali panaonekana pamejaa. Nenda siku ya kawaida, jioni, watu wakiwa wamerudi makazini. Tembea polepole. Hesabu vyumba vya kupangisha vilivyopo. Kisha hesabu vingapi vina taa au moto, na vingapi vina kufuli. Kufuli lililoota kutu litakwambia mengi kuliko dalali. Zungumza na wapangaji wenyewe. Waulize wanalipa kiasi gani, wamekaa muda gani, na nini kinawakera. Mpangaji akianza kueleza kinachomkera hanyamazi upesi, na yote atakayosema ni faida kwako.

Ukiona vyumba 10 na 4 vimefungwa, chumba chako kitakuwa cha tano.

Halafu uliza: Watu hawa wako hapa kwa sababu gani? Sababu ikiondoka, nao wataondoka.

Chukua mfano wa Kigongo na Busisi, kule Mwanza. Kwa miaka mingi magari na watu walivuka ziwa hapo kwa kivuko. Magari yalipanga foleni. Watu walisubiri, wengine saa nyingi. Panapokuwa na watu wanaosubiri, hapakosekani chakula, duka na mahali pa kulala. Mwaka 2020 ujenzi wa daraja ukaanza. Mafundi na vibarua wakaja kufanya kazi, nao walihitaji mahali pa kukaa. Mwezi Juni mwaka 2025 daraja likafunguliwa, na sasa gari linavuka kwa dakika chache. Ni maendeleo makubwa. Lakini mtu anayejenga chumba akitegemea foleni ya kivuko, au vibarua wa daraja, sharti ajue kwamba vyote viwili vina mwisho. Chumba cha matofali hakiwezi kufunga mizigo kikawafuata wapangaji.

Ndivyo ilivyo kwa kambi ya barabara, kambi ya reli, na machimbo madogo ya dhahabu. Dhahabu ikionekana, chumba kibovu hupangishwa kwa bei ya chumba kizuri. Ikikatika, senta nzima huhama katika wiki moja. Mahali pa namna hiyo mimi nisingejenga kwa saruji. Ningeuza chakula.

Wapangaji wa kudumu ni wale wanaofuata vitu vinavyodumu. Walimu hufuata shule. Wauguzi hufuata zahanati au kituo cha afya. Wapo mabwana shamba na mabibi shamba, wenye maduka, mafundi cherehani, na vijana wa bodaboda ambao hawataki tena kulala kwa wazazi. Uliza kijijini: Shule ina walimu wangapi? Wangapi wana nyumba za shule? Hao wasio na nyumba wanalala wapi? Majibu hayo unayapata kwa asubuhi moja tu.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Wako wanafunzi wa sekondari za kutwa ambao makwao ni mbali, nao hutafuta chumba karibu na shule. Mtoto kukaa peke yake chumbani ni hatari, hasa msichana. Ukimpokea, fanya mkataba na mzazi wake ana kwa ana, mkuu wa shule ajue, na chumba kiwe karibu na mlango wako mwenyewe. Usipoweza hayo, mwache atafutiwe mahali pengine.

KIWANJA

Hapa ndipo watu hulia, tena hulia wakiwa wamekwisha kujenga.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Sisi tunapata haki ya kuitumia. Kwa ardhi ya kijiji ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo anayesimamia ardhi ni Halmashauri ya Kijiji, nayo hujibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti peke yake hawezi kukupa wala kukuuzia ardhi ya kijiji. Mtendaji peke yake hawezi. Hata mhuri peke yake hautoshi. Mhuri ni kipande cha mpira tu, kinachomwa mjini kwa siku moja.

Basi ukinunua eneo kutoka kwa mwanakijiji mwenzako, usiishie kwenye karatasi ya "nimemuuzia fulani" iliyoandikwa chini ya mwembe. Ombi lipelekwe Halmashauri ya Kijiji. Likikubaliwa, liandikwe katika muhtasari wa kikao. Omba kuusoma muhtasari huo. Sasa unajua kusoma. Tazama kama jina lako limeandikwa sawasawa, ukubwa wa eneo upo, na majirani wa pande nne wametajwa. Kisha uliza habari ya Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Hiyo ndiyo karatasi inayokutambulisha wewe kwenye ardhi ya kijiji.

Kama senta yenu imekwisha kuwa mji mdogo, mambo ni mengine. Hapo kuna viwanja vilivyopimwa, vyenye namba na mawe ya mpaka, na anayehusika ni ofisi ya ardhi ya halmashauri. Usijenge bila kibali cha ujenzi. Na anayekuuzia kiwanja akikuonyesha barua yenye jina la mtu mwingine, simama hapo hapo. Fedha irudi mfukoni.

Uliza tena: Je, muuzaji ana mke? Ana ndugu? Eneo ni lake au ni la urithi ambalo halijagawanywa? Nyumba wanamoishi mke na mume haiuzwi wala haiwekwi rehani bila mwenzake kukubali. Hayo yamo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa hiyo mke naye atie saini, tena asaini akijua kilichoandikwa. Niliwahi kumwona mzee aliyenunua kiwanja kwa baba, akajenga mpaka kwenye lenta, ndipo watoto wa marehemu mke mkubwa wakaja na shauri. Shauri limechukua miaka, na ukuta umeota majani.

Sasa barabara. Kila mtu anapenda vyumba vyake viwe kando ya barabara, na ni kweli vinapata watu upesi. Lakini barabara ina eneo lake, linaloitwa hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na barabara za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22 na nusu. Mita 30 ni kama hatua 40 za mtu mzima. Usikadirie kwa macho. Waulize TANROADS kwa barabara hizo, au TARURA kwa barabara za wilaya na vijijini. Ukijenga ndani ya hifadhi, siku moja utakuta alama ya X ukutani kwako.

Na sisi tunaokaa kando ya ziwa tukumbuke kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Upepo wa ziwa ni mzuri, lakini jenga huku juu.

JENGO LENYEWE

Sitasema mengi juu ya ujenzi. Mafundi wapo, na kila mahali pana udongo wake. Nitasema manne tu niliyoyaona.

Usibane sana kwenye msingi na paa. Mlango mbaya utaubadilisha, lakini msingi mbaya utakaa nao mpaka mwisho. Matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri ni mazuri sana. Ligonge moja kwa jingine: lililoiva hulia, bichi hunyamaza.

Choo kijengwe kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia. Kiwe upande wa chini wa kisima, na mbali nacho mita 30 au zaidi. Nimeona mtu akipangisha kwanza, akisema choo kitafuata. Wapangaji wakaenda kwa jirani. Jirani akafunga choo chake kwa kufuli. Baada ya mwezi mmoja wapangaji wote walikuwa wamehama.

Dirisha liwe na wavu wa mbu. Muuguzi au mwalimu anayekuja kutazama chumba hutazama dirisha kabla hajatazama sakafu.

La nne, jenga kidogo kidogo. Kama kiwanja kinatosha vyumba vinne, inua viwili. Mwambie fundi aache matofali yametokeza mwishoni mwa ukuta, ili siku ya kuongeza kuta zishikane. Vyumba viwili vilivyokwisha vinaleta pango. Vyumba vinne visivyo na bati vinaleta popo.

TURUDI KWENYE HESABU YA MAMA

Chukua kalamu, tufanye pamoja. Bei za kwenu zinaweza kuwa nyingine. Weka za kwenu, lakini njia ni hii hii.

Vyumba 4, kila kimoja shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 960,000. Hiyo ndiyo fedha ya kwenye karatasi.

Mpangaji huhama. Kabla hajapatikana mwingine, chumba hukaa kitupu. Tuseme kila chumba kinakaa kitupu miezi 2 kwa mwaka. Vyumba 4 mara miezi 2 ni miezi 8. Miezi 8 mara shilingi 20,000 ni 160,000. Toa. Zinabaki 800,000.

Mpangaji mmoja anaondoka usiku na deni la miezi 2. Shilingi 40,000 zimekwenda naye. Zinabaki 760,000.

Kitasa kimevunjika. Bati moja limeng'olewa na upepo. Chumba kinataka chokaa kabla ya mpangaji mpya. Weka 100,000 kwa mwaka. Miaka ya kwanza huenda usizitumie zote. Usizile, ziweke, maana mwaka wa tano utazitafuta. Zinabaki 660,000.

Kodi za serikali, choo, nauli ya kufuata pango. Tuseme 60,000. Zinabaki 600,000.

Sasa gawanya: 6,000,000 kwa 600,000. Ni miaka 10.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Miaka 10! Mjukuu wangu yuko darasa la kwanza. Fedha yangu itarudi yeye akiwa kijana wa sekondari."

Ndiyo. Wala si kwamba miaka 10 ni mibaya. Nyumba ikijengwa vizuri itasimama zaidi ya hapo, na miaka inayofuata ni faida. Ng'ombe hufa, nyumba haifi kwa ugonjwa. Lakini mtu anayetegemea miaka 6 atashindwa mwaka wa saba, na anayetegemea miaka 10 atakuwa amejiandaa. Kosa kubwa ni kuuza vitu vinavyokulisha sasa ili ujenge kitu kitakachokulisha baadaye. Ng'ombe wake wawili walikuwa ng'ombe wa kulimia. Angewauza, msimu unaofuata angelima na nini?

Sasa tutazame mkopo, maana siku hizi kila kona kuna mtu wa kukukopesha. Tuseme umekopa milioni 3 za kumalizia nyumba, na umeambiwa urudishe milioni 3 na laki 6 kwa miezi 24. Gawanya: ni shilingi 150,000 kila mwezi. Vyumba vyako vinne vikijaa vyote, na wote wakalipa, vinaleta 80,000. Hizo 70,000 nyingine zitatoka wapi kila mwezi kwa miaka miwili? Ukiweza kujibu kwa jambo la kweli, kama duka linalouza au mshahara, kopa. Ukijibu "Mungu atasaidia", usikope. Na kamwe usiweke rehani nyumba unayolala na watoto ili ujenge nyumba ya wapangaji.

ANDIKENI

Zamani mpangaji alikuja na godoro, mkakubaliana kwa mdomo, akaingia. Ugomvi ulipotokea kila mmoja alikumbuka lake. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika, basi kalamu ifanye kazi. Mkataba wa chumba hauhitaji Kiingereza wala maneno makubwa. Huu hapa mfano. Unaweza kuunakili kwa mkono:

MKATABA WA KUPANGA CHUMBA

Mimi ................ (mwenye nyumba) wa kijiji cha ................ nimempangisha ................ (mpangaji), mwenye kitambulisho namba ................, chumba namba ...... katika nyumba yangu iliyoko ................

Pango ni shilingi ............ (kwa maneno: ........................) kwa mwezi.

Leo tarehe ............ nimepokea pango la miezi ......, jumla shilingi ............

Mkataba unaanza tarehe ............ na unaisha tarehe ............

Umeme atalipa ................ Maji atalipa ................

Chumba kina mlango mzima na kitasa, madirisha ......, taa ......

Anayetaka kuvunja mkataba atamjulisha mwenzake kwa maandishi mwezi mmoja kabla.

Saini ya mwenye nyumba ................ Saini ya mpangaji ................ Shahidi wa mwenye nyumba ................ Shahidi wa mpangaji ................

Andikeni nakala mbili. Moja yako, moja ya mpangaji. Fedha iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana 20,000 ni rahisi kugeuzwa 120,000, lakini "elfu ishirini" haigeuki kirahisi. Kama mpangaji hajui kusoma, msomewe mbele ya shahidi wake mwenyewe, asishahidiwe na ndugu yako.

Kila akilipa, mpe stakabadhi. Hata akilipa kwa simu. Ujumbe wa simu hufutika, na simu huibwa. Nunua daftari moja la mistari kwa ajili ya nyumba tu. Kila chumba kipewe kurasa zake: tarehe, jina, kiasi alicholipa, mwezi alioulipia, baki. Na nyuma ya daftari andika unachotumia: kitasa, bati, msumari, chokaa. Mwisho wa mwaka utajua kama nyumba inakulea au wewe unailea.

Suala la umeme lina maneno mengi. Mita ya LUKU ikiwa moja na vyumba vinne, mmoja ana taa tu na mwingine ana friji na pasi, hamtakaa kwa amani. Ukiweza, kila chumba kiwe na mita yake ndogo ya kupimia. Usipoweza, andikeni kwenye mkataba mchango wa kila mmoja kabla hajaingia.

Mpangaji mpya akiingia, mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji aandikwe. Mnalinda usalama wenu wote.

ASIYELIPA

Atakuwepo tu. Kwanza zungumza naye. Mwalimu ambaye mshahara umechelewa si sawa na mtu anayekukwepa njiani. Andikeni lini atalipa, atie saini.

Akikaidi, usitoe mlango. Usiezue bati. Usitupe vyombo vyake nje wala kufunga chumba vitu vyake vikiwa ndani. Mtu anaweza kudai kitu kilichopotea humo, na wewe mwenye haki ukageuka mshitakiwa. Mpe taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala. Kisha nenda kwenye baraza. Tangu mwaka 2021 kazi ya Baraza la Kata katika mambo ya ardhi ni kusuluhisha. Likishindwa kuwapatanisha, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utaulizwa mkataba na stakabadhi, na ndipo utakapofurahi kwamba ulinunua daftari.

Wewe pia uwe mwenye nyumba wa haki. Nilipoanza kazi nilipanga chumba ambacho bati lilivuja juu ya kitanda. Kila nikienda kueleza, baba mwenye nyumba alinijibu, "Sogeza kitanda." Nilisogeza mpaka nikafika mlangoni, kisha nikahama. Chumba kile kilikaa kitupu masika yote. Msumari na lami vingegharimu chini ya pango la mwezi mmoja.

KODI ZA SERIKALI

Kodi ziko za aina mbili. Kodi ya jengo, kwa maeneo yanayotozwa, tangu mwaka 2021 hukatwa ndani ya LUKU unaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na baadaye ikapandishwa. Tena angalieni nani ananunua umeme. Mpangaji akinunua, kodi yako imekatwa katika fedha yake, na ana haki ya kukuuliza. Nyingine ni kodi ya mapato yatokanayo na pango. Hii nenda ofisi ya TRA ya wilaya ukaulize kabla hujaanza, na daftari lako mkononi. Viwango hubadilika katika bajeti za Serikali, kwa hiyo usitegemee maneno ya mwaka juzi.

Yule mama hakuuza ng'ombe. Alikwenda senta siku tatu jioni na mjukuu wake, wakahesabu makufuli. Alirudi akaniambia kwamba vyumba vya upande wa mnadani vingi ni vitupu, lakini karibu na zahanati hakuna hata kimoja kilichofungwa. Ameomba eneo huko kwenye Halmashauri ya Kijiji, na muhtasari ameusoma mwenyewe. Walikuwa wamekosea herufi moja ya jina lake, akawaambia warekebishe. Sasa anachoma matofali ya vyumba viwili.